Casio fx-82MS katika hesabu za vipeo: tathmini kutoka Mtwara

Wanafunzi wangu wengi hapa Mtwara hutumia kikokotoo cha Casio fx-82MS, ambacho hupatikana kwa urahisi katika maduka ya vifaa vya shule mjini. Nakitathmini kwa kazi moja tu, yaani hesabu za vipeo (namba inayozidishwa kwa yenyewe mara kadhaa), kwa kuwa hapo ndipo nguvu yake na udhaifu wake huonekana wazi.

Kioo chake kina mistari miwili: wa juu huonyesha hesabu uliyoandika na wa chini huonyesha jibu. Mpangilio huo ni msaada mkubwa, kwani jibu likikutia shaka unarudi kwa kitufe cha mshale, unarekebisha tarakimu moja na kubonyeza alama ya sawasawa upya. Anayetaka kujua mkopo wa shilingi 500,000 wenye riba limbikizi ya asilimia 8 kwa mwaka utafikia kiasi gani baada ya miaka mitano, anaandika 500000 × 1.08 ^ 5 (alama ^ ni ya kipeo) na kupata takribani 734,664. Kwa kikokotoo cha kawaida cha dukani kazi hiyo ingedai kuzidisha mara kadhaa, na kosa dogo katikati lingeharibu kila kinachofuata.

Udhaifu wake ni kwamba kipeo hakipandi juu ya namba kama kinavyoandikwa daftarini, bali hukaa kwenye mstari uleule, hivyo mabano ndiyo yanayobeba maana yote. Ukiandika 27 ^ 1 ÷ 3 utapata 9, kwa sababu kipeo hutangulia kugawanya. Ukiandika 27 ^ (1 ÷ 3) utapata 3, ambayo ndiyo kipeuo cha tatu cha 27. Vivyo hivyo, −3 ikiingizwa bila mabano kisha kitufe cha kipeo cha pili kikabonyezwa, jibu ni −9, ilhali (−3) kwa kipeo cha pili ni 9. Kikokotoo hakijakosea katika mifano hiyo yote. Kinafuata kanuni ileile ninayoiandika ubaoni, na ndiyo maana nakiamini.

Kitufe cha EXP kinahitaji uangalifu wa pekee, hasa katika Fizikia. Kasi ya mwanga, yaani takribani 3 × 10 kwa kipeo cha 8 (mita kwa sekunde), huandikwa 3 EXP 8, kwa kuwa EXP tayari imebeba ile 10. Mwanafunzi anayeandika 3 × 10 EXP 8 hupata 3000000000, yaani sifuri moja imezidi, na jibu lake lote linakuwa kubwa mara kumi bila onyo lolote kwenye kioo. Onyo la ukubwa wa jibu hutokea pale tu matokeo yanapofika 10 kwa kipeo cha 100, ambapo kioo huonyesha ujumbe wenye neno ERROR.

Kwa mwanafunzi anayeijua vyema kanuni ya mabano, ninakipendekeza bila kusita. Kwa anayeanza kujifunza vipeo, mzazi mwenye uwezo wa kuongeza fedha kidogo amnunulie fx-82ES PLUS, ambayo huonyesha kipeo juu ya namba na sehemu kama zilivyo kitabuni.