Baiskeli ya umeme Dar: "Mama, hii ni ya mtu mmoja"

Nianze na lile neno, maana nisipolitoa kwanza sitaandika kingine chochote. "Mama, hii baiskeli ni ya mtu mmoja." Ndivyo alivyonijibu muuzaji dukani, mchana kweupe, mbele ya wateja wawili na kijana wa kupanga maboksi, nilipopeleka baiskeli yangu ya umeme iliyokuwa inanizimikia njiani. Akanitazama kutoka kilembani mpaka kwenye ndala, akarudi kwenye simu yake. Mtu mmoja! Kwani mimi ni wangapi?

Haya, tuirudishe nyuma kidogo.

Nakaa Kimara, kazi yangu Posta, katikati ya jiji. Mwendokasi, yale mabasi yenye njia yake, nimeipanda tangu ilipoanza 2016, kwa hiyo kusukumwa nakujua, kukanyagwa nakujua, na siku moja nilishuka kituo cha Fire kiatu kimoja kikaendelea na safari. Mwaka jana, nadhani masika yalikuwa yameisha, mchezo wetu wa kuchangiana hela ukaniangukia mimi. Nikasema hizi hela zisiishie kwenye vitenge. Nikanunua baiskeli ya umeme. Wanangu walicheka mpaka wakakaa chini.

Walicheka mapema. Asubuhi, kutoka Kimara kushuka Ubungo ni mteremko mtupu, umeme wenyewe huuhitaji, unaiachia tu na upepo unakupuliza. Manzese magari yamesimama kama yamepigwa msumari, wewe unapita pembeni kwenye ile njia ya waenda kwa miguu na baiskeli, ukiwakwepa wenye viatu vya mtumba waliovipanga ardhini na bodaboda wanaokuja kwa kinyume bila haya. Nafika ofisini sijalowa jasho. Nachomoa betri, naifunga kwenye kanga, napanda nayo juu kuchaji. Siku ya kwanza mlinzi aliniuliza kama nimeleta uji. Na chaji nzima haifiki hata uniti moja ya LUKU, nyumbani nilikaa kuitazama mita kama mwendawazimu ili nihakikishe.

Nilikuwa nimeshaanza kuwashawishi mashoga zangu wa ofisini. Ndipo mlima wa Kimara ukaniumbua.

Jioni, kigiza kimeingia, nimeshaipita Ubungo, kioo kinaonyesha betri bado iko zaidi ya nusu. Kabla sijafika kituo cha Kibo, pap! Imezima. Nawasha, inawaka. Nakanyaga, inazima. Baiskeli hizi zikiwa na umeme ni nyepesi kama nini, zikizima ndipo unagundua umebeba chuma. Nimesukuma mlima ule na mkoba begani na dagaa wananing'inia kwenye usukani, nimepita kijiwe cha bodaboda, na kijana mmoja akaniita kwa huruma ya uongo: "Mama, bando limekata?" Kijiwe kizima kikaanguka. Yule nimeshamsamehe, kwa kweli alichekesha.

Ikajirudia mara tatu, nne. Kila mara mlimani. Tambarare haina neno.

Sasa rudi dukani. Siku ya kununua nilikuwa "mama yangu". Kaa hapa mama yangu, chagua rangi mama yangu, waranti mwaka mzima, ikikusumbua niletee mwenyewe. Siku ya kurudi ile "yangu" ilikuwa imeshachukuliwa na mteja mwingine. Hakuishika baiskeli. Hakuifungua. Aliuliza kama nimeipitisha kwenye maji Jangwani. Nikamwambia, mwanangu, Jangwani ikijaa hata mabasi yanarudi, mimi nipite na baiskeli nikiwa naenda wapi? Hapo ndipo alipotafuta neno lingine, akalipata, nanyi mmeshalisikia.

Sikatai kwamba uzito ni uzito. Mlimani, aliyebeba zaidi anakula betri zaidi, hilo hata mtoto analijua. Lakini huyuhuyu aliniuzia nikiwa nimesimama mbele yake, sikuja nimejificha nyuma ya pazia. Tena alinipigapiga kile kibebeo cha nyuma akaniambia hata gunia la mchele linakaa. Nilipotoka pale nilimtafuta kijana wa mzani wa mtaani, nikapanda: kilo 83. Gunia la mchele ni kilo 100. Kwa hiyo mchele ni mtu mmoja, mimi ndiye umati.

Nilikaa kama wiki mbili siigusi. Nilirudi Mwendokasi, nikawa napima kwa macho kila abiria aliyenibana.

Aliyeniokoa ni fundi baiskeli wa chini ya mwembe, huko huko Manzese, ambaye siku hizi anahangaika na nyaya za bodaboda pia. "Shikamoo mama, inasumbuaje?" Nikamweleza. Hakuniuliza uzito, aliniuliza inazimikia wapi. Nikasema mlimani. Akachomoa betri, akaingiza tochi ya simu kwenye soketi, akaniita nichungulie. Pini moja nyeusi ti, plastiki imeyeyuka pembeni. Akanieleza vizuri kuliko mwalimu: mguso ukiwa umelegea, tambarare mota inakunywa umeme kidogo, hivyo unapita tu, mlimani inataka mwingi, pale palipolegea panapata moto na umeme unapungua njiani, kontrola, kile kifaa kinachoongoza umeme kwenda kwenye mota, inadhani betri imeisha, inakata. Betri yenyewe nzima kabisa. Akabadilisha plagi, akalehemu nyaya, akafunga. Elfu saba. Nikampa kumi nikamwambia chenji anywe soda.

Jioni ile nilipanda Kimara bila kushusha mguu. Dagaa na mimi na kilo zetu zote.

Kwa hiyo nilipoanza kuandika hapa nilikuwa nimeweka "msinunue", nikafuta. Nunueni, nikawa nasema, ila kabla hamjalipa ichomoeni betri muangalie soketi, na mjaribu kwenye mlima, msijaribu pale mbele ya duka kwenye lami iliyonyooka. Ndivyo ningemalizia, na roho yangu ingekuwa imetulia.

Lakini nikafanya kosa la kurudi dukani. Sikwenda kudai hela, wallahi, nilikwenda na ile plagi iliyoungua nimeifunga kwenye tishu ili yule muuzaji aione, labda awasaidie wengine, labda aseme samahani mama. Akaigeuza mkononi mara moja. "Umefungulia nje? Basi waranti imekufa." Akanirudishia kwa vidole viwili kama vile ametoa nywele kwenye chakula.

Basi msinunue! Au nunueni kwa mtu anayejua kuwa ameuza chombo chenye nyaya. Sijui. Leo asubuhi nimeteremka Ubungo upepo umenijaa kwenye dera, nikawapita watu kituoni wamebanana mlangoni, na nikasema sirudi humo hata kwa dawa. Jioni nikakumbuka vile vidole viwili.

Plagi bado ninayo kwenye pochi, pamoja na risiti. Breki ya nyuma nayo imeanza kulia siku mbili hizi. Mwenye kumjua fundi wa breki za diski maeneo ya Kimara au Ubungo aniandikie, maana yule wa mwembeni ameniambia kwa uungwana kwamba hizo bado hajazizoea, na kule dukani mniue kwanza.