Kliniki ya masikio mjini Mbeya: nyota nne, tatu za yule dada

Jina la kliniki naliacha, maana nina ya kuwasifu na nina ya kuwalaumu.

Mwanangu wa mwisho ana miaka minne. Alizaliwa njiti tukiwa Dar es Salaam, wakampima masikio kabla hatujaruhusiwa, yakaonekana mazima. Nikajua hilo limekwisha. Mwaka huu baridi ya Juni ilipoingia Uyole, mafua hayakumtoka. Ukimwita kutoka jikoni, kimya. Samaki anasema “amaki”. Bibi yake akasema huyu mkaidi, nami nikamchapa mara mbili. Bado inaniuma.

Dada anayepima alimvika visikilizio, akampa kopo na kete: ukisikia mlio, tumbukiza moja. Za kwanza mtoto alizimwaga zote kwa pamoja. Dada akacheka, akaanza upya. Milio minene, kisha myembamba, sikio moja moja. Mimi nimekaa nyuma, naona taa ya mashine inawaka kila mlio unapotoka, na mkono wa mwanangu umetulia juu ya kopo, kete imeshikwa vilevile. Sikuhitaji kuelezwa.

Kisha kifaa cha kusukuma hewa kidogo sikioni, kuona kama ngoma ya sikio inacheza. Kwa sikio zima mstari wa mashine hupanda kilele kama mlima Loleza. Wake ulilala kama tambarare za Usangu, kulia na kushoto. Majimaji nyuma ya ngoma. Kumbe kipimo cha kuzaliwa ni cha siku ile tu: mafua, surua, homa ya uti wa mgongo, hata sindano za jentamaisini, dawa ya kuua bakteria, zinaweza kuleta matatizo mengine ya masikio baadaye. Majimaji mara nyingi hukauka yenyewe, akasema, turudi baada ya miezi mitatu.

Sasa lawama. Tulifika saa mbili, tukaingia saa saba. Bei haijabandikwa popote. Chumba kiko upande wa barabara, kila bajaji ikipita mtoto anageuka na dada anangoja. Huko si ni kumpima mtu uzito akiwa na gunia la viazi mgongoni? Majibu yameandikwa Kiingereza kitupu, mwalimu wa chekechea akanirudishia karatasi nimsomee mimi. Na siku ya kurudi hakuna anayekukumbusha. Niliiandika mwenyewe kwa mkaa ukutani jikoni.

Septemba tulirudi. Sikio la kulia limepata kilima, la kushoto bado tambarare. Shuleni anakaa mbele, la kulia limwelekee mwalimu. Desemba tunakwenda tena, na safari hii saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa getini.