Utando wa kukausha ethanoli: kifaa safi, wauzaji hovyo kabisa

Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Nyota moja, tena hiyo moja nimeitoa kwa shingo upande.

Sisi tunatengeneza ethanoli, yaani pombe kali ya kuchanganya na petroli, kwa mabua na makapi ya miwa. Kama umewahi kuifanya hii kazi unajua, ukinereka unafika asilimia 95 na kitu halafu inagoma, hata uchemshe mpaka kesho, maji na ethanoli vinapanda pamoja kama mapacha walioapa kutoachana. Na ya kuchanganya na petroli inatakiwa ivuke 99, la sivyo maji yanajitenga yanakaa chini ya tangi. Ndo tukachukua utando wa zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo mno, zile tyubu za kauri.

Mwanzoni nilitaka kuubusu ule mtambo, kweli tena. Mvuke wa moto unapita upande mmoja, upande wa pili pampu inavuta, maji yanapenya kwenye vitundu vya kama nanomita 0.4 na ethanoli inabaki maana molekuli yake ni nene zaidi. Hakuna kutia benzeni ya kuyatenga maji, hakuna ile minara miwili ya chembe za kunyonya maji, ya kupokezana, ambayo mmoja ukiukausha unarudisha nyuma sehemu ya ethanoli uliyoshaihangaikia. Kimya kimya tu, 99 na ushee inatoka.

Halafu siku moja, miezi kadhaa baadaye, nikafungua mtungi wa upande wa vakyumu, ule pampu inakovuta. Mle kunatakiwa kuwe na maji, harufu ya pombe iwe ya mbali tu. Nimelegeza mfuniko, pombe ikanipanda puani mpaka machozi yakanitoka. Natumbukiza haidromita, kile kipimo kinachoelea, inazama, ndo dalili ya pombe nyingi. Yaani mali ninayoihangaikia kuanzia kwenye mabua ilikuwa inavutwa na pampu, pampu ninayoilipia umeme mimi mwenyewe, inaenda kumwagwa na maji machafu!!

Nikawapigia simu wauzaji. Kaka mmoja akapokea, salamu yangu hata hakuitikia, "Mmeuharibu wenyewe, mmepitisha asidi." Namuuliza asidi gani, bosi? "Asetiki. Hiyo zeolaiti haitaki asidi, kila mtu anajua." Kila mtu nani? Siku ya kununua niliuliza kwa mdomo wangu, hii inakubali ethanoli ya mabua? Nikajibiwa ethanoli ni ethanoli tu, hata ya majani. Sasa mabua ukiyavunjavunja kupata sukari lazima yatoe asidi asetiki, ile ya siki, imo kwenye mmea wenyewe, na mnara wa kunereka haubakizi yote chini, kidogo inapanda na mvuke. Ikigusa zeolaiti ya aina hii inanyofoa aluminiamu taratibu, vitundu vinabomoka, kila kitu kinapita. Hayo nimeyajua kwa mtu mwingine kabisa, tena ndo kaniambia dawa yake ni ndogo tu, unatia soda kaustiki, si ile ya kunywa, kwenye pombe kabla ya kunereka, asidi inageuka chumvi inabaki chini. Sentensi moja! Wangeisema siku ile nisingekuwa hapa nachapa kwa herufi za hasira. Lakini yule kaka nilipomuuliza nifanye nini sasa, akasema "nunua tyubu nyingine" akakata.

Akakata simu. Mimi namwita bosi na yeye anakata.

Sasa tatizo ni kwamba nikiwa mkweli, utando wenyewe hauna kosa. Nimerudi kwenye ile minara miwili kwa muda na kila siku naukumbuka. Kwa wanaotumia molasi au mahindi labda hata hawatakutana na haya makali. Basi mtambo naupa nne, nne na nusu hata. Huduma sifuri. Hapana, ngoja, zeolaiti inayoyeyuka kwa asidi ya siki unaiuza kwa watu wa mabua bila kusema neno? Mtambo tatu basi, na jumla ni ile moja ya juu.

Wakileta tyubu mpya kwa waranti nitakuja kubadilisha hizi nyota, ila walete fundi, yule wa simu abaki hukohuko.