Fonti za Noto: bure kabisa, na zina herufi za karibu kila mtu

Wakuu, kama unatengeneza apu au mfumo wowote unaotoa PDF na bado unatumia fonti iliyokuja tu na kompyuta, hebu pakua Noto. Ni za Google, walishirikiana na Monotype, kampuni ya kutengeneza fonti, na mwaka 2016 walipozitangaza zilikuwa tayari zinabeba lugha zaidi ya 800. Leseni yake ni OFL, leseni huria ya fonti, yaani unaziweka hata kwenye programu unayouza na hakuna wa kuja kukudai.

Mimi zimenisaidia sana kwenye vyeti vya madrasa. Jina la mwanafunzi linatakiwa litoke kwa herufi za kawaida na chini yake kwa Kiarabu, fonti ya mwanzo ikawa inatoa viboksi vitupu mstari mzima, nikaweka Noto Naskh Arabic jina likatoka. Sema fonti peke yake haitoshi aisee, ile programu inayotengeneza PDF lazima ijue kuunganisha herufi, mfano iwe inatumia HarfBuzz, kijiprogramu cha kazi hiyo, la sivyo unapata herufi moja moja zimeachana na zimepangwa kinyume, na ustadhi anakurudishia cheti hapohapo.

Kinachonigusa zaidi ni Adlam, mwandiko wa lugha ya Wafulani. Ndugu wawili wa Guinea, Ibrahima na Abdoulaye Barry, walianza kuibuni 1989 wakiwa bado watoto, ili Wafulani waandike lugha yao kwa herufi zao wenyewe. Watu wakafundishana, wakanakili vitabu kwa mkono, ila Unicode, ile orodha ya herufi ambayo simu na kompyuta zote zinaifuata, imekuja kuipokea mwaka 2016 kwenye toleo la 9.0. Yaani miaka yote hiyo watu wanasoma na kuandika lakini kwenye simu ni kama hawapo, kwa sababu mwenye kuamua herufi gani iingie ni shirika lililoko Marekani ambalo kura zake nyingi ziko kwa makampuni makubwa yanayolipia uanachama. Hiyo ni siasa jamani, tena siasa nzito, tusidanganyane kwamba fonti ni urembo tu. Leo Noto Sans Adlam ipo, unaipakua bure kama nyingine yoyote, na kwa hilo nawapa Google heshima yao.

Kasoro ipo. Faili za Kichina, Kijapani na Kikorea ni nzito mno, moja tu inaweza kupita MB 10, na kwa bei hizi za bando usimbebeshe mtu kitu ambacho hatakisoma, chukua faili la mwandiko unaouhitaji basi.

Kwa maandishi marefu Noto Serif, ile yenye vijimkia kwenye ncha za herufi, ni tamu, macho hayachoki. Nyota 4, ya tano nitaitoa wakipunguza uzito wa hizo faili.