Nyuma ya Beetle: ununue nini, na nini ukiache hapo hapo kaunta

Malalamiko yanayonifikia kuhusu Volkswagen Beetle siku hizi yanafanana. Mtu kapata gari la 1966 au 1968, kalipiga rangi, kashona viti upya, halafu kampa fundi "ainue nyuma kidogo" kwa ajili ya barabara zetu. Siku anateremka Kitonga, au anashuka kutoka Lushoto kuja Mombo, anaingia kona kwa mwendo wa kawaida kabisa na mkia unanyanyuka kama unataka kumpita. Akifika salama ananiandikia: dada, ninunue shokapu gani?

Swali hilo limewalisha wauza spea wengi. Msomaji mmoja kauziwa shokapu zilizovishwa springi kwa juu, akaambiwa ndizo "za rali". Mwingine kauziwa seti ya bushi za plastiki ngumu, nyekundu, nzuri kuangalia, na gari sasa linalia kila likipita tuta. Hakuna aliyeulizwa gari lake lina ekseli ya aina gani.

Kwa hiyo humu sitazungumzia ulaini wa safari wala rangi ya shokapu. Hayo utaambiwa bure na kijana wa kaunta.

Kwanza inama uangalie chini. Ukiona bomba nene la chuma limetoka kwenye giaboksi moja kwa moja hadi kwenye gurudumu, gari lako lina ekseli ya kubembea: kiungo ni kimoja tu kila upande, pale kwenye giaboksi. Ukiona shafti nyembamba tupu yenye buti la mpira kila mwisho, una ile mpya yenye viungo viwili. Volkswagen waliiweka kwenye Beetle za Marekani za modeli ya 1969, na kwingine ikaja na 1302 ya mwaka 1970 na 1303 iliyofuata. Mwenye hiyo hana ugonjwa ninaouzungumzia. Aende akanywe chai.

Sisi wengine shida yetu ni hii. Gurudumu likipanda au kushuka, bomba linachora tao, na tairi linabadili mlalo wake kila mara. Kwenye kona, barabara inalisukuma tairi la nje kuelekea ndani, nguvu ile inapita kwenye bomba na kuinyanyua bodi. Bodi ikipanda, tairi linajikunja kuingia chini ya gari, upana kati ya matairi unapungua, na gari linasimama kwa ukingo wa tairi badala ya uso wake. Dereva akishtuka akaachia mafuta ghafla, uzito unahamia mbele, nyuma inazidi kupanda. Hapo ndipo mkia unapoaga.

Msije mkasema basi gari ni bovu. Lilishinda Safari Rally mwaka 1954, likashinda tena 1957, na 1962 Tommy Fjastad akashinda akiwa na VW 1200, enzi ambazo mashindano yale yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye matope ya msimu wa mvua. Magari yale yote yalikuwa na ekseli hii hii ya kubembea.

Kabla hujatoa hata shilingi, mrudie fundi aliyekuinulia gari. Alichofanya ni kuchomoa pleti ya springi na kuzungusha tosheni baa, ile fimbo ya chuma inayojisokota, ndiyo springi ya nyuma ya gari hili. Baa hiyo ina meno 40 upande wa ndani na 44 upande wa nje. Jino moja la ndani ni nyuzi 9, la nje ni nyuzi 8 na dakika 10 (digrii moja ni dakika 60). Ukirudisha moja nyuma na kusogeza jingine mbele unapata mabadiliko ya dakika 50 tu, milimita chache kwenye gurudumu, na hiyo ndiyo njia ya kiungwana ya kupanga urefu. Fundi mwenye haraka anaruka jino zima la nje, na nyuma inapanda sentimita tano hivi kwa mkupuo mmoja. Gari linasimama matairi ya nyuma yamebana kwa chini, yaani limeanza safari likiwa tayari nusu ya njia kuelekea kwenye ule mkunjo. Mwambie alirudishe. Na kama unafanya mwenyewe, pleti ile imebanwa na nguvu kubwa. Ikitoka kwenye kizuizi chake bila jeki na mnyororo inavunja mguu wa mtu. Usijaribu peke yako.

Upepo nao angalia. Kwenye tairi za radial, PSI 18 mbele na 27 nyuma ndicho kipimo cha gari hili, na ukienda kujaza karibu kila kijana atakuwekea 30 kote. Tairi la mbele likiwa gumu linashika kupita kiasi, na wa kulipa ni mkia.

Haya, tuingie dukani.

Nafasi ya kwanza: kompenseta ya EMPI, ikiambatana na shokapu za Koni. Najua mtasema napendelea. Napendelea. EMPI ilianzishwa na Joe Vittone, aliyekuwa akiuza Volkswagen mjini Riverside, California, miaka ya 1950, na kifaa hiki ni kati ya vitu vilivyompa jina. Kampuni imeshabadili mikono tangu enzi zake, lakini wazo ni lile lile: bapa la chuma cha springi linaloning'inia katikati chini ya giaboksi, ncha zake zikiwa chini ya mabomba mawili ya ekseli. Magurudumu yote mawili yakitaka kushuka kwa pamoja, bapa linayakatalia. Moja likipanda na jingine likishuka, bapa linazunguka tu kwenye pini yake ya katikati na haliingilii. Si wazo la wahuni wa mitaani: Porsche waliweka springi ya namna hiyo kwenye 356 Super 90, na Chevrolet, baada ya kuuza Corvair miaka minne bila kitu, wakaweka springi ya kukingama kwenye modeli ya 1964.

Kuna kitu kimoja kwenye kompenseta ambacho sijamsikia muuzaji yeyote akikitaja, nacho ndicho kilichonifanya niandike makala haya. Ni ile pini ya katikati na bano lake. Inaning'inia chini kiasi gani?

Beetle ikitoka kiwandani ina uwazi wa kama sentimita 15 chini yake. Sasa umefunga chuma chini ya giaboksi, katikati kabisa ya gari, mahali ambapo barabara zetu za vumbi zina ule mgongo kati ya njia mbili za matairi. Pakia watu wanne na begi la unga, uone kinachofika kwanza kwenye tuta la kijijini. California hawana shida hiyo, ndiyo maana kwenye boksi hakuna hata mstari mmoja unaosema bano linashuka sentimita ngapi. Nimeona kompenseta moja ambayo nati yake ya chini ilikuwa imesuguliwa na mawe mpaka pembe zote sita zimeisha, inang'aa, imekuwa mviringo kabisa, na nyuzi za bolti zilizojitokeza zimelala upande mmoja. Spana haikushika. Ilitolewa kwa grainda, na cheche zilikuwa zinaruka sentimita chache tu kutoka kwenye buti la ekseli.

Kwa hiyo nenda dukani na rula. Ndiyo, rula ya mtoto wa shule. Mwambie muuzaji aliweke bano kaunta, pima kutoka sehemu inayogusa giaboksi mpaka ncha ya chini kabisa ya bolti, si mpaka kwenye bapa. Kuna mabano yaliyotengenezwa na bolti ndefu bila sababu. Nyuzi zilizozidi baada ya nati unaweza kuzikata, lakini bano lenyewe huwezi kulifupisha. Kati ya bano fupi lenye bapa la kawaida na bano refu lenye bapa zuri sana, chukua fupi. Kama unaishi Masaki na gari halitoki lami, puuza aya hizi mbili. Wengine tusipuuze.

Angalia pia vile vipande vya ncha vinavyogusa bomba. Vikiwa vya plastiki laini iliyokauka ufa, muuzaji alikuwa navyo dirishani juani muda mrefu.

Shokapu: Koni nyekundu, zile za Classic. Kwa sababu moja tu, ambayo kwangu inatosha: zikianza kuchoka unaweza kuzirekebisha. Unaifungua kwenye gari, unaibana mpaka mwisho, unaizungusha, unairudisha ikiwa ngumu zaidi. Ni kazi ya mchana mmoja, na shokapu inaendelea kufanya kazi badala ya kutupwa. Bilstein nazo nzuri, sina ugomvi nazo. KYB za gesi zinapatikana kirahisi zaidi hapa kwetu na mwenye bajeti ya kati asione haya kuzichukua. Ila shokapu peke yake, hata ya dhahabu, haizuii ekseli kujikunja; inachelewesha tu. Anayekuuzia shokapu kama dawa ya mkia kunyanyuka hajui anachouza, au anajua sana.

Nafasi ya pili: baa ya Z, fimbo ya chuma inayounganisha ekseli mbili za nyuma. Hii ni ya Volkswagen wenyewe, ilianza kwenye modeli za 1967, na walipoiweka wakapunguza unene wa tosheni baa za nyuma. Inasaidia gari likipakiwa, kwa sababu inaanza kazi magurudumu yote mawili yanapopanda pamoja. Likiwa tupu haifanyi mengi. Kama gari lako lilikuja nayo na fundi fulani aliitoa kwa kuona "haina kazi", irudishe. Kuitafuta kwa gari ambalo halikuwa nayo, sishauri. Kwa hela hiyo nunua kompenseta.

Nafasi ya tatu: kubadili ekseli nzima. Yaani kuchomelea mabano kwenye bomba la tosheni baa, kuweka mikono mipya, shafti zenye sivijointi (vile viungo viwili), na giaboksi inayokubali shafti hizo. Ndiyo tiba kamili, sitakataa. Lakini uchomeleaji ukipinda kidogo gari litakwenda upande maisha yake yote, na vipuri utaagiza nje kimoja kimoja. Afrika Kusini walitengeneza Beetle pale Uitenhage mpaka 1979, kwa hiyo huko bado kuna akiba ya vitu vya gari la usukani wa kulia. Anza kuulizia huko kabla ya Ulaya. Mwenye hela ya kazi hii na haraka ya kuendesha atafute 1303 nzima.

Za rahisi. Kompenseta ya kufuliwa na mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, kutoka kwenye jani la springi la pikapu: mafundi wale wana mikono, lakini jani la kubeba mzigo ni gumu mno kwa kazi hii. Shokapu zenye springi juu: hapana. Zinainua nyuma, yaani zinaleta kile kile unachokimbia. Bushi za plastiki ngumu: vumbi letu jekundu linaingia, linasaga, zinalia. Raba ya kawaida inatosha.

Sasa bei. Tangu 2025 kuna kanuni zinazokataza bei za ndani kutangazwa kwa fedha za kigeni, lakini ingia duka moja la spea za magari ya zamani uulize kompenseta. Utajibiwa kwa dola, kwa sauti ya chini, halafu ukitoa shilingi wanakokotoa kwa kiwango ambacho hakipo benki yoyote. Ukiomba risiti, bei inapanda tena, eti VAT. Asilimia 18 ninazijua, asante; nilidhani zilikuwemo tangu mwanzo. Na ukiwa mwanamke umeongozana na mwanaume, hata awe ni mdogo wako asiyejua hata kubadili tairi, maelezo yote anapewa yeye. Wewe unaulizwa kama utapenda ya rangi nyekundu. Siku hizi naenda peke yangu na rula yangu.

Neno "original" nalo lipigwe marufuku. Nimeonyeshwa boksi la kijerumani lenye shokapu isiyo na hata namba iliyogongwa kwenye chuma. Boksi linachapishwa popote. Tafuta namba kwenye chuma chenyewe, ifananishe na ya orodha ya mtengenezaji kabla hujafungua pochi.

Ukishanunua, wakati gari liko juu, badilisha na mabuti ya ekseli, maana utayashika tu. Yale ya kupasuliwa yenye skrubu yanafungwa bila kufungua gurudumu. Skrubu zake zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si likining'inia kwenye jeki, la sivyo mshono unavutika na kuchanika mapema, na oili ya giaboksi inamwagika chini. Bolti za shokapu nazo hivyo hivyo, kwa sababu ya raba zake. Endesha kilomita mia tano, urudi chini na spana, uanze na ile nati ya katikati ya bano.

Na risiti iandikwe aina ya ekseli na mwaka wa gari, si "spea za VW" tu. Muuzaji akikataa kuandika, muachie mzigo wake.