Waya wa gia ya baiskeli: kabla ya kulipa, tazama ncha ya kava

Malalamiko ya wasomaji wa Arusha na Moshi yanafanana: "Dada, nimebadilisha waya wa gia, lakini nikipanda Ilboru cheni bado inaruka." Wengine wameshanunua cheni mpya, hata spoketi. Nikiomba picha, mara nyingi nakuta kava lililofungwa (lile bomba la nje linalopitisha waya) ni la breki.

Kava la breki lina waya bapa uliozungushwa ndani kama springi. Ukivuta waya wa gia, springi hiyo hujibana, na kava likipinda kwenye kona urefu wake hubadilika. Breki inavumilia hali hiyo. Gia haivumilii, kwa sababu tangu kampuni ya Shimano walipoleta SIS, mfumo wa gia zinazobofya, kwenye seti yao ya Dura-Ace mwaka 1984, kila mbofyo huvuta waya kwa kipimo maalumu. Kwenye Shimano ya spoketi 8 nyuma, kipimo hicho ni kama milimita 2.8 tu. Kava likinywea milimita moja, zaidi ya theluthi ya mvuto imepotea, na fundi atazungusha skrubu ya kurekebishia mpaka jioni bila kuipata. Kava la gia lina nyuzi nyembamba za chuma zilizolala sambamba kuzunguka bomba la plastiki, ndiyo maana halinywei.

Kwa hiyo mwambie muuzaji akuonyeshe ncha iliyokatwa. Nukta nyingi za chuma kuzunguka tundu, hilo ni la gia. Waya mmoja bapa unaojizungusha, hilo ni la breki, hata akiapa. Unene usikudanganye: la gia kwa kawaida ni milimita 4 na la breki 5, lakini yapo ya gia yenye milimita 5. Na tafadhali, kava la gia lisifungwe kwenye breki kamwe. Nyuzi zake zimeshikwa na plastiki tu. Ukibana breki kwa nguvu ukishuka kutoka Kibosho, linaweza kupasuka.

Namba moja kwangu ni kava la Shimano SP41, na sioni haya kuipendelea. Linakuja na grisi ndani, na ukilitumia na waya wa milimita 1.2 wa chuma kisichoshika kutu, gia inabofya laini. Namba mbili ni la kampuni ya Jagwire: zuri, nalifunga bila wasiwasi SP41 ikikosekana. Waya wa bei ya chini uliopakwa zinki utakufikisha nyumbani. Zinki ikishakwaruzika, masika italeta kutu.

Linaloniudhi ni wauzaji wanaokataa kukata. Kipande kinachochoka kwanza ni kile kifupi kinachopinda karibu na gurudumu la nyuma, kwa sababu ndicho kinachopokea vumbi na tope. Sentimita 30 hivi zingetosha, lakini unalazimishwa kununua seti nzima. Na wanaokubali kukata hutumia plaizi butu, tundu likabanwa bapa. Dai kikata waya chenye makali, kisha fungua bomba la ndani kwa sindano nene na uvalishe kikofia kwenye ncha ya kava kabla ya kufunga.

Kwa usafi huhitaji kufungua boliti, ikiwa fremu yako ina vishikio vya kava vyenye mwanya. Inua gurudumu la nyuma, zungusha pedali hadi cheni ipande spoketi kubwa. Simamisha pedali, kisha bofya mpaka gia ya spoketi ndogo bila kuzungusha. Waya utalegea. Toa makava kwenye vishikio, yasogeze, futa waya kwa kitambaa kikavu. Usimwagie oili ya injini, maana vumbi la kiangazi litaigeuza kuwa tope ndani ya kava. Ukiona uzi mmoja umekatika pale waya unapoingia kwenye kibofyo cha gia kwenye usukani, nunua waya mpya siku hiyohiyo. Kichwa chake kikikatikia ndani, fundi atalazimika kufungua kibofyo chote ili kukitoa.