Vikao vitano vya PM+: vinamfaa nani huku Mtwara na Lindi?

PM+ (Problem Management Plus, yaani kukabili matatizo) ni mpango wa unasihi uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2016. Kitini chake ni bure, na si lazima uendeshwe na daktari: msaidizi, yaani mtu wa kawaida aliyefunzwa, mwenye mtaalamu wa kumsimamia, anatosha. Ni vikao 5 vya dakika 90, kimoja kwa wiki, kwa aliyeangushwa na msiba, talaka, mtaji kukatika au msimu mbovu wa korosho.

Kikao cha kwanza hufundisha pumzi. Vuta kwa hesabu ya tatu, toa kwa tatu, mkono mmoja ukiwa tumboni. Tumbo ndilo liinuke. Wengi huvuta kwa kifua na kwa nguvu, wakashikwa na kizunguzungu, wakaacha mapema bure.

Uzito wa mpango uko kikao cha pili. Matatizo yanaorodheshwa, kisha yanatengwa: yanayowezekana kutatuliwa na yasiyowezekana. Mkulima wa Tandahimba hawezi kubadili bei ya mnada, lakini deni la vibarua wa palizi analiweza. Analishika hilo moja, anataja kila njia inayomjia hata kama ni ya ajabu, anachuja, anapanga. "Nitaongea na wadai" haitoshi. "Jumanne asubuhi nitamfuata kiongozi wa vibarua nimwombe nilipe kwa mafungu matatu", huo ndio mpango. Msaidizi anayekutolea majibu yeye mwenyewe anakuharibia, mwambie wazi.

Kisha vinaongezwa vitendo. Huzuni humfungia mtu ndani, na kukaa ndani kunaikuza huzuni. Kwa hiyo mtu anaanza kabla hamu haijarudi, tena kwa kidogo: apalilie mikorosho miwili, asijipangie shamba zima. Akijipangia shamba zima atashindwa, na ataona ni anguko jingine. Kikao cha nne ni cha watu wa kuegemea, cha tano ni cha kujilinda baadaye asianguke tena.

Kasoro kubwa kwa huku ni muda na faragha. Usianze Oktoba, korosho zinapodondoka. Ukikosa vikao viwili mfululizo, mtiririko unakatika. Tena usikubali kukaa barazani, kila mpita njia anasikia. Omba chumba chenye mlango, na ikiwezekana msaidizi wa mtaa mwingine.

Anayewaza kujiua, anayesikia sauti wasizosikia wengine, au asiyeweza kuacha pombe, mpango huu haukutengenezwa kwa ajili yake. Huyo apelekwe hospitali leo hii: Ligula kwa Mtwara mjini, Sokoine kwa Lindi, na asiende peke yake.